Nani Ataandika Habari za Kijiji Chetu?

Maoni ya mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeitumia mara nyingi katika insha zetu, na kila mara tunamsimulia mwenye duka aliyefilisika kwa sababu hakuandika madeni. Mwalimu anatia alama, mambo yanaishia hapo. Leo, ndugu msomaji, naomba ruhusa niitoe methali hii dukani niipeleke kijijini. Maana kijiji nacho kina mali. Kina majina ya watu, majina ya mito, miaka ya njaa na miaka ya shibe, mipaka ya mashamba, nyimbo za mavuno na maneno ya wazee. Daftari lake liko wapi?

Wanachama wenzangu, kila mmoja wetu hapa shuleni ana kwao. Lakini hebu tuulizane bila kuoneana haya. Nani anajua jina la mama ya nyanya yake? Nani anajua kwa nini kile kijito kilicho chini ya shamba lao kinaitwa hivyo kinavyoitwa? Wengi watajikuna kichwa. Maoni yangu ni kwamba hali hii ni hasara kubwa, na kwamba Chama chetu cha Kiswahili ndicho kinachofaa kuanza kuirekebisha. Ili nieleweke vyema, nitawapeleka mbali kidogo, hadi kwenye kijiji cha wakulima huko Ujerumani. Msishangae. Kijiji hicho tumekigusa katika somo la Historia bila kujua.

Si mnakumbuka jina la Johannes Rebmann? Tunalikariri tangu madarasa ya chini: mmishonari, Mzungu wa kwanza kuuona mlima Kilimanjaro, mwaka 1848. Tunaandika, tunapata alama moja, basi. Lakini Rebmann hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuwa na kwao. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji kiitwacho Gerlingen, kilomita chache upande wa magharibi wa mji wa Stuttgart, katika nchi iliyoitwa Württemberg. Watu wa kwao walikuwa wakulima wa nafaka na wa mizabibu. Leo Gerlingen si kijiji tena. Ilipewa hadhi ya mji mwaka 1958, na kampuni kubwa ya Bosch ina makao yake makuu pale. Lakini kwa zaidi ya miaka elfu moja ilikuwa kijiji tu cha watu wa jembe, na habari zake zinajulikana. Zinajulikana kwa nini? Kwa sababu ziliandikwa.

Gerlingen inatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 797. Watawa wa mahali paitwapo Lorsch walikuwa na daftari la zawadi za mashamba walizopewa, na humo ndimo jina la kijiji lilimoingia. Naomba tulifikirie jambo hili kidogo. Hapakuwa na vita vikubwa siku hiyo, wala mfalme hakuzaliwa pale. Ni shamba tu lililoandikwa. Kwa ajili ya mstari huo mmoja, mwaka 1997 kijiji hicho kilikuwa kimetimiza miaka 1200 ya kujulikana.

Kuna watakaosema, "Ah, hao walikuwa Wazungu, walikuwa matajiri, walikuwa na wakati wa kukaa kuandika." Hapana jamani! Wakulima wa Württemberg walikuwa maskini, tena maskini wa kutupwa. Desturi ya nchi yao ilikuwa kugawa urithi sawasawa kwa watoto wote, wavulana kwa wasichana. Baba akifa na watoto sita, shamba linakatwa vipande sita. Watoto wa hao sita nao wanakata tena. Baada ya vizazi kadhaa mkulima alikuwa na vikanda vyembamba hapa na pale, kimoja bondeni na kingine mlimani, na chakula hakitoshi. Je, hadithi hii haifanani na ya kwetu? Ni nani kati yetu ambaye hajasikia ami zake wakigombana juu ya robo eka?

Zaidi ya hayo, walipata miaka ya mateso. Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, viliipitia nchi yao pamoja na tauni, na vijiji vingi vikabaki karibu mahame. Baadaye, mwezi wa Aprili 1815, mlima Tambora ulilipuka kule Indonesia. Majivu yake yalipanda juu sana angani, yakaizuia nuru ya jua, na mwaka uliofuata Ulaya haikupata kiangazi. Mvua na baridi viliharibu ngano, viazi vikaoza ardhini, zabibu hazikuiva. Mwaka 1817 njaa iliuma Württemberg hata maelfu ya watu wakafunga mizigo, wengine wakaelekea Urusi, wengine Marekani. Rebmann alizaliwa miaka mitatu tu baada ya njaa hiyo. Kwa hiyo tunapomfikiria tusimwone bwana mkubwa aliyelelewa kwenye jumba la kifahari. Alikuwa mtoto wa kijiji kama mimi na wewe.

Njaa hiyo ilizaa mambo ambayo yapo hadi leo. Mwaka 1818 Mfalme Wilhelm na mkewe Katharina walianzisha chuo cha kilimo mahali paitwapo Hohenheim, ambacho sasa ni chuo kikuu. Mwaka uo huo walianzisha maonyesho ya wakulima pale Cannstatt, kama Shoo yetu ya Kilimo, wakulima wapate kuonyesha ng'ombe na mazao na kushindania zawadi. Sherehe ya Cannstatt bado hufanyika kila msimu wa vuli, ingawa siku hizi wengi huenda kujifurahisha tu. Watu wale hawakuisahau njaa yao, na kila mwaka wakaipa ukumbusho.

Sasa nije kwenye daftari lenyewe. Württemberg iliingia katika madhehebu ya Kiprotestanti mwaka 1534, na katika karne hiyohiyo makanisa ya vijiji yakaanza kuwa na madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya mazishi. Mtoto wa tajiri aliandikwa, mtoto wa mchunga mbuzi akaandikwa. Mwaka 1649 ikatolewa sheria kwamba watoto wote waende shule, wasichana pia. Kwa hiyo mkulima wa Gerlingen, hata kama alikuwa na kiraka kwenye suruali, mara nyingi aliweza kusoma Biblia yake na kutia sahihi jina lake.

Lakini jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni hili. Katika nchi ile ilikuwa sheria kwamba watu wakioana, na tena mmoja wao akifa, maofisa wa kijiji waje nyumbani waandike kila kitu. Naam, kila kitu! Mashamba na mipaka yake, ng'ombe, magunia ya nafaka, sufuria, mashuka, sketi za mama, jembe, mapipa ya mvinyo, hata vitabu vilivyokuwa kwenye rafu. Kila kimoja kiliandikwa pamoja na bei yake. Orodha hizo zipo hadi leo katika nyumba za kumbukumbu, na wanahistoria wakizisoma wanaweza kukuambia mfumaji fulani wa kijiji fulani alikuwa na vitabu vingapi miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

Kwa nini waliandika? Si kwa kupenda historia. Waliandika ili urithi ugawanywe kwa haki. Kilicholetwa na mke kiliandikwa kuwa cha mke. Mume akifa, mjane hakuhitaji kulia mbele ya shemeji zake akisema "shuka hii niliipata kwa mama." Daftari lilimsemea. Sasa tazameni kwetu. Ni wajane wangapi wanaofukuzwa shambani kabla maua ya kaburi hayajanyauka? Katiba yetu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi, na ni sheria nzuri. Lakini sheria bila ushahidi ni bunduki bila risasi. Mzee akifa bila kuandika lolote, na aliyeujua mpaka ni yeye peke yake, anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Kwa hiyo, wenzangu, kuandika habari za kijiji si jambo la kujipamba kisomi. Wakati mwingine ni kumlinda mama yako.

Msije mkadhani maisha ya kijiji kile yalikuwa karatasi tupu. Walikuwa na utamaduni wao, na baadhi yake utadhani unasimuliwa habari za kwetu. Zabibu zilipoiva, familia nzima ilipanda mlimani, wakubwa kwa wadogo, na mavuno yote yakapelekwa kwenye shinikizo la kijiji. Hukuruhusiwa kukamua kwako nyumbani, maana mtawala alitaka kuhesabu fungu lake kwanza. Pale kwenye shinikizo ndipo habari zote zilipopatikana: nani anaposa wapi, nani amegombana na nani. Vijiji vingi vya sehemu zile vilikuwa na tanuri moja la pamoja, na akina mama waliingia kwa zamu kuoka mikate, ili kuni zisiishe na nyumba zisishike moto. Wakati wa baridi wanawake na wasichana walikusanyika jioni katika nyumba moja kusokota nyuzi, ili watumie taa moja badala ya kumi. Wakisokota, wanasimuliana hadithi na kuimba. Wavulana nao hawakukosa sababu ya kupita karibu! Wachungaji na maofisa walilalamika mara kwa mara juu ya mikusanyiko hiyo, lakini haikukoma upesi.

Kulikuwa pia na zamu ya kufagia. Hata siku hizi, katika nyumba nyingi za Württemberg, kila familia ina wiki yake ya kufagia ngazi na njia, na jirani akizembea huambiwa. Walimu wa zamu wataipenda desturi hii! Na lugha je? Nyumbani walisema, na wengi bado wanasema, Kiswabia, ambacho Mjerumani wa kaskazini akikisikia anaomba arudiwe. Shuleni na kanisani walisoma Kijerumani sanifu. Hawakuona kwamba kimoja lazima kikiue kingine. Hilo liwe jibu kwa wale wanaotuambia kwamba anayesema lugha ya mama hawezi kujua Kiswahili vizuri.

Gerlingen ina kaburi moja ambalo wapenda fasihi wangependa kulitembelea. Mwaka 1796 alizikwa pale Johann Caspar Schiller, baba ya mshairi mashuhuri Friedrich Schiller. Mzee huyu alikuwa msimamizi wa bustani na vitalu vya miti katika jumba la mtawala lililoitwa Solitude, juu ya mlima karibu na kijiji. Alipanda miti ya matunda kwa maelfu, na akaandika kitabu juu ya ukuzaji wa miti. Mtoto aliandika mashairi, baba akaandika habari za miche. Yote mawili ni maandishi, na yote mawili yanaheshimiwa.

Kutoka kijiji hiki kidogo walitoka watu wawili waliokuja Afrika wakashughulika na lugha zetu. Wa kwanza ni Rebmann. Alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Ludwig Krapf pale Rabai. Krapf naye alikuwa mtoto wa mkulima, kutoka kijiji cha Derendingen karibu na Tübingen. Ndiye aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Rebmann alishughulika na Kirabai, na pia na lugha ya watu wa Nyasa, ambayo alifundishwa na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini.

Wa pili ni Johannes Zimmermann, aliyezaliwa Gerlingen mwaka 1825. Huyu alikwenda Ghana ya leo, akaandika sarufi ya lugha ya Kiga na kuitafsiri Biblia katika lugha hiyo. Alimwoa mwalimu mmoja, Catherine Mulgrave, mwanamke aliyezaliwa Angola, akaibwa utotoni na wafanyabiashara ya watumwa, meli yake ikavunjika Jamaika, akalelewa huko, kisha akarudi Afrika kufundisha. Wakuu wa misheni hawakuifurahia ndoa hiyo. Yeye hakutetereka. Zimmermann na Rebmann wote wawili walifariki mwaka 1876, Zimmermann palepale Gerlingen, na Rebmann katika kijiji cha Korntal kisicho mbali na hapo. Rebmann alikuwa amerudi mwaka 1875 akiwa kipofu, akiandamana na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Fikirini, Mrabai akitembea katika vijiji vya Württemberg miaka mia moja na hamsini iliyopita, akimwongoza mwenyeji wa huko katika nchi ya mwenyeji mwenyewe!

Sasa nifike mahali ninapotaka tupafikirie kwa makini. Tarehe 11 Mei 1848, Rebmann akiwa safarini kwenda Uchagga aliona kitu cheupe juu ya mlima, mfano wa wingu. Akamwuliza mwenzake wa safari kile ni kitu gani. Yule mtu hakujua jina lake, ila alilijibu kwa neno ambalo Rebmann aliliandika "Beredi". Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hamlisikii neno hilo? Ni baridi! Neno letu wenyewe, limetoka kinywani mwa mtu wa pwani, likaingia katika daftari la mtoto wa mkulima wa Gerlingen, likachapishwa London mwaka 1849. Mabwana wasomi wa huko walimcheka Rebmann. Mmoja wao, Cooley, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Cooley hakuwahi kukanyaga hapa. Na Wachagga waliokuwa wakiuona mlima huo kila asubuhi walijua vizuri kwamba kile kitu cheupe ukikichukua mkononi kinageuka maji.

Nauliza basi: nani aliugundua mlima Kilimanjaro? Jibu langu ni kwamba hakuna aliyeugundua, maana haukuwa umepotea. Rebmann aliuandika tu. Kiongozi wa msafara wake tunamjua kwa jina, Bwana Kheri, kwa sababu Rebmann alilitaja. Lakini Bwana Kheri alizaliwa lini? Mama yake aliitwa nani? Watoto wake walibaki wapi? Wapagazi waliobeba mizigo je, waliitwa nani? Za Rebmann tunazijua hadi siku ya kuzaliwa, kwa kuwa zilitunzwa kijijini kwao. Watu hawa walitembea njia moja, wakanywa maji ya kisima kimoja, wakauona mlima mmoja siku moja. Mmoja amebaki kwenye vitabu vyetu vya mtihani, wengine wamepotea. Hakuwazidi ujasiri wala miguu. Aliwazidi daftari.

Nasikia mtu akiguna, "Kwani sisi hatukuwa na historia? Tulikuwa na masimulizi." Ni kweli kabisa, na mimi siyadharau masimulizi. Wazee wa Kaya za Mijikenda wameitunza misitu yao na desturi zake bila kalamu, hata UNESCO ikaiweka misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Wakamba waliipa njaa kuu ya miaka ya 1897 hadi 1901 jina la Ngomanisye, na mtu akikuambia mzee fulani alizaliwa wakati wa Ngomanisye unajua ni lini. Wakikuyu waliyapa marika majina ya mambo yaliyotokea. Hayo yote ni madaftari, tena ya werevu mkubwa.

Lakini masimulizi yanahitaji kitu kimoja: msikilizaji. Ili hadithi ipite kutoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu, mjukuu lazima awe pale jioni, karibu na moto, usiku baada ya usiku. Sisi tuko wapi? Tuko bweni karibu miezi tisa kwa mwaka. Tukienda nyumbani tunakaa na simu. Wengine wetu wamelelewa mjini na kijijini wanakwenda Krismasi tu, siku mbili, wanarudi. Mnyororo umekatika, na waliokata si wazee, ni maisha yetu haya. Anayesema "tuna masimulizi, hatuhitaji kuandika" huku yeye mwenyewe hasikilizi ni kama mtu anayejivunia kisima ambacho hajateka maji tangu azaliwe.

Wapo pia wanaosema daftari lina hatari yake. Hao nawasikiliza kwa heshima, maana wana hoja. Huko huko Ujerumani, kuanzia mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitumia madaftari ya ubatizo kumchunguza mtu babu zake ni akina nani, na mwenye babu au nyanya Myahudi akafukuzwa kazi, na baadaye wengi wakauawa. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kumkaribisha mtoto kanisani kikageuzwa kuwa kitabu cha kumtenga. Nasi Wakenya, baada ya yaliyotupata mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, tunajua uchungu wa mtu kuulizwa "wewe ni wa wapi?" huku muulizaji ameshika panga.

Kwa hiyo sisemi tuandike ili kujua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Tuandike wote. Tena Gerlingen yenyewe inatupa funzo hapa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walifika pale Wajerumani waliofukuzwa Hungaria, watu waliokuja na virago tu, na wenyeji hawakuwa na nafasi wala chakula cha kutosha. Leo jumba la makumbusho la mji huo limetenga mahali maalum pa kusimulia habari za wageni hao, mavazi yao na vijiji walivyoviacha. Historia ya kijiji imekuwa ya wote waliolala hapo. Vilevile isiandikwe sifa tupu. Mji wa jirani wa Leonberg ulikuwa na kambi ya wafungwa wa Hitler kuanzia 1944 hadi 1945, ambapo watu walifanyishwa kazi ya kutengeneza mabawa ya ndege za kivita ndani ya handaki la barabara, na wengi wakafa. Jambo hilo halipendezi kulisimulia, lakini linasimuliwa. Kijiji kinachoandika ushindi wake tu kinajidanganya.

Basi tufanye nini? Maneno matupu hayavunji mfupa. Nina mapendekezo machache kwa Mlezi wa Chama, kwa Mwenyekiti na kwa wanachama wote.

Kwanza, likizo ijayo kila mwanachama anunue kaunta buku moja, ile ndogo tu, na amchague mzee mmoja wa kwao. Si lazima awe chifu au mtu mashuhuri. Afadhali awe nyanya ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote. Amuulize mambo ya kawaida: aliolewa vipi, walikula nini mwaka wa njaa, shamba hili lilikuwa la nani, mti ule mkubwa ulipandwa na nani, soko la kwanza lilikuwa wapi. Mwenye simu amrekodi kwa idhini yake, kisha ayaandike, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Pili, tuandike majina kamili ya akina mama. Katika familia nyingi unaweza kuhesabiwa mababu watano bila kusikia jina la mwanamke hata mmoja, utadhani wanaume hao walizaana wenyewe.

Tatu, tuandike kwa Kiswahili ili wote tusome, lakini maneno ya lugha za kwetu tuyaache yalivyo: majina ya mimea, ya vyombo, ya sherehe, ya aina za udongo. Krapf na Rebmann waliyaokota maneno ya namna hiyo Rabai, neno moja moja, wakiwauliza watu wasiojua kusoma. Ikiwa wageni waliona thamani yake, sisi wenyewe tunangoja nini?

Nne, vitabu hivyo virudi hapa shuleni, tuviwekee rafu moja maktabani. Yaliyo siri ya familia yabaki nyumbani, na anayetaka jina lake lifichwe lifichwe. Yaliyo bora yachapishwe katika jarida hili kila mwaka. Baada ya miaka kumi tutakuwa na historia ya vijiji vingi ambayo haipatikani mahali pengine popote duniani.

Najua wapo watakaosema mambo haya hayatoki katika mtihani. Ni kweli, hayatoki. Lakini mtihani tutaufanya mara moja, na kijiji tutakuwa nacho maisha yote. Tena wazee hawatungoji tumalize mtihani. Kila muhula tunasikia mwanafunzi mwenzetu ameomba ruhusa kwenda mazishi ya babu au nyanya. Tunatoa rambirambi, tunachanga kidogo, tunaendelea na masomo. Hatuulizi ni nini kilichozikwa pamoja naye. Asiyejua atokako hajui aendako, na anayejua atokako ni yule mzee aliyekaa sasa hivi chini ya mwembe au mlangoni pa jikoni, akingoja mtu wa kuzungumza naye. Likizo inaanza baada ya wiki chache. Tununue kaunta buku.